Siok-lian na Pakiti ya Manjano

Walipomzaa walikuwa wanataka mvulana. Baba yake, mchimba makaa ya mawe wa milima ya nyuma ya mji wa Sichi, alimtazama mara moja akasema, "Bong-chi." Kwa lugha yetu ni kama kusema: mlisheni tu, mtafanyaje. Karani akaandika, na hilo likawa jina. Wasichana wa majina hayo tulikuwa nao darasani. Mwalimu akiita, sisi tunacheka, wao wanaitika. Mimi sikuwa miongoni mwao. Baba alinipa jina la heshima, Kui-hiong, na ninalitaja kwa sauti mpaka leo.

Nilikutana na Bong-chi ukubwani, kiwandani kwa Bosi Lui. Tulikuwa tunatengeneza makasha ya kuhifadhia data. Kasha lenyewe halizidi sufuria ya umeme ya kupikia wali. Ndani zimepangwa diski, unaliunganisha na mtandao wa ofisi, kila mtu anatia humo picha zake na kazi zake. Diski moja ikifa, taa yake inageuka nyekundu. Unaichomoa, unatia mpya, na zile nyingine zinaijaza yote iliyopotea. Bosi Lui alikuwa akiwaambia wanunuzi, "Ninauza kitu kisichosahau."

Sisi wawili tulifungasha. Bong-chi alikuwa na kazi moja ya ziada: kutunza pakiti juu ya seva kubwa, ile iliyobeba michoro ya kampuni na majina yetu sote. Ni pakiti ya vitafunio vya mahindi vyenye ladha ya nazi, na jina lake ni neno la kumbembelezea mtoto: tulia, uwe mwema. Ukiiweka juu ya mashine, mashine inatulia. Lazima iwe ya kijani, maana taa ya kijani ndiyo uzima. Isipitwe na tarehe. Asiile mtu. Na wahandisi wenye shahada ndio walioushika mwiko huo kuliko sisi.

Mume wake alipokufa, Bong-chi aliniambia tukiwa kwenye bakuli zetu za tambi, "Dada Kui, sitaki kuchongwa kwenye jiwe la kaburi na jina hili. Nakwenda kulibadilisha."

"Uzee huu?"

"Hata wiki moja tu, niitwe jina la mtu."

Serikali inaruhusu. Asubuhi moja alikwenda ofisi ya usajili, akatoka akiitwa Siok-lian, yungiyungi safi. Lakini foleni ilimchelewesha, na pakiti ya juu ya seva tarehe yake ilikuwa imeisha. Alipofika dukani, za kijani zilikuwa zimekwisha. Akachukua ya manjano, akaona bora hiyo kuliko iliyopitwa. Akaiweka. Kisha akaenda kwa karani wa kiwanda, jina jipya likaingizwa, akapewa kadi mpya. Alikuja nayo mezani akaifuta kwa ncha ya koti kana kwamba ni kioo cha miwani.

"Nisomee," akaniambia.

"Si unajua kusoma?"

"Nataka kulisikia kwa mtu."

Nikamsomea.

Mchana huohuo diski moja ya seva ilikufa. Mhandisi Tan akaja kuibadilisha, akakosea, akachomoa ile nzima ya pembeni yake. Diski mbili zikitoka pamoja, zilizobaki haziwezi kuzijaza. Seva yote ikanyamaza. Tan alijua alichofanya, nasi tulimwona. Lakini A-hun, msimamizi wetu, alinyanyua macho akaiona pakiti.

"Manjano! Nani ameweka manjano?"

Basi likaisha hapo. Hakuna aliyeuliza habari ya diski tena. Bosi Lui alishuka mwenyewe, uso umemvimba. Wanunuzi wetu Wajapani walikuwa wanangoja michoro ile.

"Manjano ni taa ya kuharibika," akasema. "Umeiambia mashine iharibike."

Walimpa udi, wakamsimamisha mbele ya seva ainame na kuomba radhi, kiwanda kizima kikitazama. A-hun akasema, "Jitambulishe basi, ijue nani anaiomba."

"Siok-lian," akasema.

"Nani?" A-hun akaweka mkono sikioni. "Mashine haimjui huyo. Sema ulilopewa ulipozaliwa."

Watu wakacheka. Akainama akasema, "Bong-chi."

Seva ilifufuliwa kwa nakala ya akiba ya wiki iliyotangulia. Michoro mingi ilirudi, na majina yetu yalirudi kama yalivyokuwa wiki ile. Kesho yake kadi mpya ilikataa getini. Karani akampa ya zamani: Bong-chi.

"Libadilishe tena," akamwomba. "Si dakika moja tu?"

"Mama, imetulia hiyo. Juu yake kuna kijani mpya. Nani aiguse?"

Alimwendea Bosi Lui. Akacheka. "Mashine imekuchagulia. Mimi nani niipinge?"

Wajapani walikwenda kwingine. Ikafika karamu ya mwisho wa mwaka. Kila mtu kwetu anamwogopa kuku wa karamu hiyo, maana kichwa chake kikimwelekea mfanyakazi, huyo kazi imeisha. Mwenye adabu huagiza kichwa kikatwe. Bosi Lui alikileta. A-hun akazungusha sahani taratibu, akaiacha.

"Bong-chi," akasema, "kuku anakuamkia."

Mwenyewe akaendelea kunywa supu yake. "Bong-chi hayupo hapa. Mimi ni Siok-lian."

Meza ilicheka, na Bosi Lui akacheka kuliko wote, akamimina pombe. Mimi nilidhani ameponea hapo.

Asubuhi, mvua ikinyesha, kadi yake ililia getini, taa nyekundu. Mlinzi akatazama kompyuta.

"Bong-chi ameondolewa, mama."

"Mimi siyo Bong-chi. Mimi Siok-lian."

Akatafuta. "Siok-lian hajawahi kufanya kazi hapa."

Akamtolea kitambulisho cha serikali. Mlinzi akakisoma, akamrudishia. "Ni kweli, wewe ni Siok-lian. Sasa hapa umemfuata nani?"

Akaisukuma kadi ile ya zamani chini ya kioo. "Nimewaletea Bong-chi wenu. Kaeni naye."

Akaondoka bila mwavuli. Alimalizia maisha akiosha vyombo kwenye duka la tambi karibu na stesheni, na huko walimwita Siok-lian, walipomwita.

Alipofariki nilikuwepo. Kampuni ilituma shada kubwa la maua. Seva ilikuwa bado ina orodha ya wafanyakazi wa zamani, na anwani zao. Kwenye utepe waliandika Bong-chi. Mjukuu wake akausoma, akanijia.

"Bibi Kui, huyu ni nani?"

"Wamekosea msiba," nikamwambia. "Mwambie dereva aliyelileta alirudishe."