Mashine ya foleni imeita, daktari hayupo

Nimechoka na watu wanaonunua dawa kabla ya kujua ugonjwa!

Mimi ni nesi kwa kliniki moja hapa Hurlingham. Wagonjwa wamelalamika sana kwamba wanangoja mpaka wanachoka. Bosi wetu, ambaye ndiye daktari, hakuuliza mtu kwa nini. Akanunua mashine ya foleni, ile ya kutoa namba na kuita watu kwa sauti tamu.

Leo asubuhi tumeiwasha.

Ikaita namba moja. Mama mmoja wa Riruta, mgongo umemkataa kabisa, akajikokota hadi chumba cha daktari.

Akarudi. "Sista, huko ndani hakuna mtu."

Daktari alikuwa bado kwake Kileleshwa, kama kila siku.

Mashine ikaita namba mbili. Tatu. Watu wakacheka. Yule mama alikuwa analia.

Bosi alipoingia saa tano nikamwambia, "Daktari, shida si foleni. Shida ni wewe unachelewa."

Akatabasamu. "Basi tutaongeza app ya simu, wawe wanangojea nyumbani."

Nikachomoa hiyo mashine kwa stima mbele yake, nikamshika yule mama mkono, nikamwingiza ndani.

Jameni, nyinyi mngemjibu aje?