Pumba Badala ya Mikwaju

Mume wangu alipopunguzwa kazi kiwandani, tulichukua kiinua mgongo chake tukanunua kiwanja Buhongwa, nje ya mji, tukaapa hatutapanga tena chumba Mirongo, mjini kati. Matofali ya udongo yalifyatuliwa palepale kiwanjani. Yalipokauka, fundi wetu, mzee aliyechoma matofali ya nusu ya majirani, akaitazama mikwaju mitatu iliyosimama upande wa magharibi.

"Mama, kuni hizo hapo. Kesho tunaangusha."

Nikamwambia mikwaju yangu haiangushwi. Nyumba ya bati isiyo na kivuli, jua la alasiri likiipiga, ni tanuru jingine, na mimi sikuhamia Buhongwa kuokwa. Mume wangu akacheka kwa aibu. Fundi akaniuliza taratibu, kama anayemuuliza mtoto, basi tutachomea nini.

"Pumba," nikajibu.

Miaka ile biashara ilikuwa ruksa, na mashine za watu binafsi za kukoboa mpunga zilichipuka kama uyoga. Nyuma ya kila mashine palikuwa na kilima cha pumba kisicho na mwenyewe. Nilikwisha kuona zikiwashwa zinavyofukuta kutwa kucha. Fundi alisema pumba ni za kutandikia kuku, lakini tukazileta.

Tukakosea. Tulipanga matofali kuwa tanuru, tukazishindilia kwenye midomo yake, mahali pa magogo. Zikatoa moshi siku mbili, zikazima. Nilivunja tofali moja la ndani, nikakuta udongo mtupu, haujaiva. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa ziwa, na mvua moja kubwa ingetosha kurudisha kazi yote kuwa tope.

Mume wangu akachukua shoka. Nikasimama mbele ya mkwaju wa kwanza nikamwomba wiki moja tu. Niliogopa, sikatai. Matofali yale yakiharibika, nyumba ingekuwa ndoto, na lawama zingekuwa zangu peke yangu. Akaliweka shoka chini.

Tulibomoa tanuru tukalipanga upya: safu ya matofali, pumba kujaza kila mwanya, safu nyingine, mpaka juu, halafu tukalikandika udongo nje. Safari hii moto ulitambaa wenyewe, polepole, siku baada ya siku. Mvua ilipofika, matofali yalikuwa yameiva. Fundi alichukua mawili akayagonganisha, yakalia kama kengele ya shule. Akayarudisha mahali pake. Mimi nilisema mengi, na sijutii hata neno moja.

Tulipokwisha kuhamia, alasiri moja, fundi akaja. Nikampa shikamoo na kiti, chini ya mikwaju. Akazungukazunguka na habari za mvua, mwisho akasema:

"Nina tanuru Mkolani. Mwenyewe hataki miti yake ikatwe, anasema amepita hapa kwako akaona kivuli. Mama, zile pumba mlizitoa mashine ipi?"

Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamfanya aulize tena.