Nyumba Zilianguka Maji Yalipokwisha Ondoka

Siku mto ulipotujia hakukuwa na mvua. Mpaka leo hilo ndilo ninaloshindwa kulizoea. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limewaka, nimeanika nguo za mtoto kwenye kamba. Jirani yangu alikuwa upande wa pili wa ua wa mabua akipalilia mchicha wake huku akiniigizia jinsi mumewe anavyokoroma. Tulicheka. Mvua ilikuwa imetusumbua wiki nzima, zile mvua za mwishoni mwa miaka ya tisini ambazo redio ilikuwa ikiziita za elinino, na asubuhi ile tulikuwa tunaambiana afadhali leo nguo zitakauka.

Tulikaa bondeni, chini ya tuta la reli, katika Mpanda ya wakati ule ambayo bado ilikuwa mji mdogo wa wilaya. Watu walijenga pale kwa sababu ya udongo na maji. Mume wangu na mume wa jirani walikuwa wanafyatua matofali pamoja, na sisi wanawake tulilima mboga na kuzipeleka sokoni. Huyo jirani alikuwa Mkonongo wa Inyonga, mtu wa maneno mengi na mwepesi wa kusaidia. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyenipikia uji mpaka nikaweza kusimama.

Nikasikia mngurumo. Nilidhani ni treni, halafu nikakumbuka kuwa reli ilikuwa imekatika huko njia ya Tabora na treni haijaja siku nyingi. Jirani naye aliinua kichwa.

"Hilo gari gani hilo?" aliuliza.

Nilikuwa nimeshaona. Mbele ilikuja takataka: mabua, magogo, kuku, mlango mzima na fremu yake. Maji yenyewe yalikuwa nyuma, mekundu, yanasukuma. Juu yake mbingu ilikuwa ya bluu kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, sisi hatukupata hata tone.

Nilimnyakua mtoto nikakimbilia tuta la reli. Jirani alikuwa amenitangulia, akageuka, akanivuta mkono nikapanda. Kule juu tulijaa, mtaa mzima, tukatazama chini. Hakuna aliyepiga kelele. Nakumbuka ule ukimya kuliko kitu kingine chochote. Maji yalifika kwenye madirisha, yakazunguka nyumba zetu, na nyumba zikasimama. Waume zetu walirudi mbio kutoka porini walikokuwa wanakata kuni za tanuru, wakatukuta tumekaa kwenye mataruma ya reli kama abiria.

Jioni maji yalipungua. Tulihesabiana, tukakuta tuko wote. Kuna mtu alisema, "Nyumba zimesimama!" na hapo ndipo tulipoanza kuongea wote kwa pamoja, wengine wanacheka, wengine wanalia. Tulilala kwenye madarasa ya shule ya msingi. Jirani yangu alilala ubavuni kwangu. Aliniambia mchicha umekwenda lakini udongo ulioletwa ni mzuri, atapanda nyanya.

Asubuhi tulishuka kusafisha. Jua kali tena. Mimi nilikuwa uani nakamua nguo zilizojaa tope, yeye aliingia ndani kwake na jembe.

"Ngoja nitoe hili tope kabla halijakauka," alisema. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Sikusikia kishindo. Niliona paa la bati linashuka taratibu, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu, halafu vumbi, vumbi katika sehemu iliyokuwa na maji jana. Nilisimama na shuka mkononi. Akili yangu ilikuwa inasema nyumba imepona, nyumba ilipona jana. Mumewe alipita mbele yangu akaanza kuchimba kwa mikono. Mume wangu akafuata. Mimi nilikuja kushtuka nimeshapiga magoti, nachimba, na kila tofali nililoshika lilikuwa linabonyea kama unga uliokandwa. Matofali mabichi yalikuwa yamekunywa maji usiku kucha. Yalisimama kwa mazoea tu.

Tulimtoa amekufa.

Siku hiyo nyumba ziliendelea kuanguka. Moja asubuhi, nyingine mchana, jua linawaka na maji yamekwisha rudi mtoni. Watu walikuwa wanakimbia huku na huku wakipiga kelele, "Tokeni ndani! Tokeni!" Yangu ilianguka tukiwa tunamwosha marehemu kwa ndugu zake mjini. Sikwenda hata kuiangalia.

Baada ya mazishi mtendaji wa kata alituita uwanja wa shule. Alisema tutapewa viwanja kule juu, mlimani, na bondeni asijenge mtu tena. Watu waliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti. Ndipo mume wa marehemu aliposimama, bado amevaa shati lile lile la mazishi.

"Mimi narudi kule," alisema.

Nilijikuta nimesema, "Shemeji! Kule kule?"

Alinigeukia bila hasira. "Shemeji, mke wangu hakuuawa na maji. Ameuawa na matofali niliyoyafyatua mimi mwenyewe nikayajengea mabichi, kwa sababu yaliyochomwa nilikuwa nayauza. Nitachoma. Nitaweka msingi wa mawe. Huko juu mnakotupeleka kuna nini? Kisima hakuna. Udongo wa kulima hakuna. Nyie mtakula hayo mawe?"

Mtendaji alimwambia apumzike kwanza, ana msiba. Akajibu, "Nimeshapumzika," akakaa.

Kilichonishtua zaidi ni mume wangu. Nilimwona anatikisa kichwa kukubali.

Tulipobaki wawili nyuma ya darasa nilimuuliza, "Wewe ulikuwa unakubali nini pale?"

"Amesema ukweli. Kazi yangu iko kule, shamba lako liko kule."

"Nilimfukua mtu kwa mikono hii."

"Na mimi nilimfukua."

"Basi unarudije?"

Akasema, "Mke wangu, kule juu maji utachota wapi?"

"Nitashuka kuchota. Maji nitayafuata mimi. Sitaki yanifuate."

Hatukuongea vizuri kwa muda mrefu baada ya hapo. Mwishowe alikubali, nadhani kwa kuwa aliona nisingelala tena bondeni hata kwa kubebwa. Tulijenga mlimani chumba kimoja cha nyasi, baadaye viwili vya tofali. Kila asubuhi yeye alishuka kufyatua na mimi nilishuka na ndoo. Mlima ule ulinizeesha shingo. Kuna siku nilipandisha maji nikiwa na mimba, nikakaa njiani nikalia, nikajiuliza kama sikuwa mjinga.

Shemeji alijenga kweli, msingi wa mawe, matofali mekundu yaliyoiva. Wengine walimfuata, lakini hawakufuata kuchoma, kwa sababu kuni ni kazi na familia zilikuwa bado madarasani. Kiangazi kilipofika bonde lilikuwa limejaa nyumba tena. Wakaja wageni pia, watu wa ng'ombe kutoka Usukumani, ambao hawakuwahi kuona maji yale. Nilikuwa napita na ndoo yangu, naona kuta mbichi zinapanda. Nilimwambia mama mmoja mgeni yaliyotokea hapo alipoweka jiko lake. Alinisikiliza kwa heshima. Akasema, "Asante dada. Lakini hapa ndipo tulipopata."

Masika kadhaa baadaye mto ulikuja tena. Mimi niliusikia kutoka juu, mchana, na ndoo ikanitoka mkononi. Nilishuka mpaka kwenye tuta la reli. Watu walikuwa wamepanda, wote, na mbele yao alikuwa shemeji na fimbo. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiwatoa.

Maji yalipoondoka, nyumba zilisimama vilevile, nzima, kama hazijaguswa. Watu wakataka kuingia. Yeye akakataa. Alipanga magogo kwenye milango, akakaa na fimbo yake, na mtu akisogea anamfukuza. Yule mama mgeni alimlilia amruhusu achukue unga tu, watoto wana njaa.

"Usiingie," alimwambia. "Nitakupa wangu."

"Nyumba si unaiona imesimama!"

"Naiona."

Yule mama alimtukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Alimwita mchawi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, najua kinachokuja, na bado ukuta wa nyumba yake ulipokaa chini bila kishindo nilipiga kelele kama sijawahi kuona. Yule mama alinyamaza katikati ya tusi. Alikaa kwenye tope, akamtazama shemeji, akatazama paa lililolala chini, akamtazama tena.

Safari hiyo hakufa mtu. Nyumba ya matofali mekundu ilibaki peke yake bondeni, na wote waliingia humo kupika.

Kiangazi wakajenga tena, pale pale. Mume wangu aliwauzia matofali, machache yamechomwa, mengi mabichi.