Nyumba za Chaki

Juzi nilimwona binti yangu akicheza mchezo wa kompyuta waliopewa shuleni ili wajifunze jinsi mji unavyoendeshwa. Alibonyeza kitufe, safu nzima ya vibanda ikatoweka, naye akaendelea kucheza. Mimi nilisikia harufu ya chaki.

Nilikuwa mtoto wa shule, katika mtaa wa Jericho. Mwalimu Wairimu alikuwa amesukuma madawati ukutani na kutuchorea nyumba sakafuni ili, alivyosema, tuyaelewe mambo ya mji kwa kucheza. Mmoja wetu alikuwa askari wa kaunsili ya mji, wale wanaobomoa vibanda. Akipuliza filimbi na kuifuta nyumba yako, unatoka.

Mvua ilikuwa ikigonga mabati. Filimbi ililia mbele ya Mumbua, msichana mgeni aliyehamia kwetu muhula ule. Hakutoka. Alisimama mlangoni pa nyumba yake ya chaki, ametandaza mikono.

"Ngoja kwanza, afande," alisema polepole. "Mtoto amelala ndani."

Tulicheka, tukampigia makofi. Nilidhani hakuna aliyejua kuigiza kama yeye. Miaka mingi baadaye mama aliniambia kwamba kina Mumbua walibomolewa kibanda chao kando ya mto alfajiri moja, na mdogo wake hakuwahi kutolewa.

Mwalimu Wairimu hakucheka. Mumbua aliinama, akainua kitu tusichokiona, akakikumbatia kifuani. Mwalimu alipiga magoti mbele yake, akanyoosha mikono, akampokea yule mtoto.