Baba Mkwe Aliyegeukia Ukuta

Katika siku zote nilizoishi, ipo moja ambayo hata nikiwa napepeta mchele hapa uani kwangu Kihesa hunijia ghafla, na mwili ukasisimka. Ni siku niliyousikia moyo wa mtoto wangu kabla sijamwona mtoto mwenyewe. Na aliyenifanya niusikie ni mtu ambaye, kwa mila ya ukoo nilioolewa, hakuruhusiwa hata kunitazama usoni.

Nakusimulia wewe, mwanangu, uliyeambiwa na nesi kwamba mimba yako inahitaji vipimo zaidi, nawe ukaitikia vizuri, ukaaga, halafu ukapita njia ya nyuma ya kliniki na kurudi nyumbani. Sikucheki. Njia hiyo naijua.

Mimi ni Mhehe wa Kilolo. Niliolewa na Mnyakyusa, Ambakisye, nikaenda kuishi kwao kwenye vilima vya juu ya Uyole, Mbeya, ambako ukungu wa asubuhi hulala juu ya mashamba ya viazi kama mgeni asiyetaka kuaga. Baridi haikunishinda, maana hata kwetu ipo. Kilichonishinda mwanzoni ni utaratibu wa mkwe. Kwao, wakati ule, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hampeani mikono, hamli pamoja, hamsemezani. Ukimwona anakuja njiani unajifunika kanga kichwani na kuingia shambani mpaka apite. Yeye naye, mtu mzima na heshima zake, kila alipokaribia kona ya nyumba alikohoa kikohozi kirefu cha bure ili nipate nafasi ya kukimbia. Jina lake sikulitaja, na hata leo, miaka mingi tangu tumzike, silitaji.

Usidhani ulikuwa uadui. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yenyewe. Msimu wa mvua kuni kavu zilifika mlangoni kwangu bila mimi kumwona aliyezileta. Uji wa ulezi niliopika ulimfikia kwa mikono ya wifi yangu Sekela, na bakuli lilirudi tupu. Tuliishi hivyo, tukipendana kwa kukwepana. Mama mkwe sikumkuta. Alikuwa amefariki zamani, na nyumbani pale habari za kifo chake hazikuzungumzwa.

Mimba yangu ya kwanza ilitoka. Ya pili ilifika mwezi wa nane, nikajifungua mtoto ambaye alikuwa ameshatulia. Nilimshika. Alikuwa na nywele nyingi. Hapo sitasema zaidi, kwa sababu wewe una mzigo wako na huna haja ya kubeba na huo.

Nilipokuwa na mimba ya tatu, Ambakisye alikuwa Madibira kwenye mavuno ya mpunga. Mimba ilipoingia mwezi wa saba miguu yangu ilijaa, viatu vikanikataa, pete ikabana kidole. Nesi wa zahanati yetu akanipima presha mkono mmoja, akapima na wa pili, akarudia wa kwanza. Kule kurudia kwa nesi, mwanangu, unakujua. Kisha akaniambia niende hospitali kubwa mjini kesho yake, nikapimwe damu, mkojo na utrasaundi, ili wamwangalie mtoto.

Wamwangalie mtoto. Maneno hayo ndiyo yaliyonitisha. Nilikuwa nimeshahisi kwamba anacheza kidogo kuliko kawaida yake, na sikuwa nimemwambia mtu. Nikajiambia moyoni, nisipokwenda, atabaki hai. Maadamu hakuna aliyemtazama, hakuna wa kuja kuniambia neno. Nikarudi nyumbani, nikawasha moto, nikabandika maharage.

Sekela akaja kunikuta hapo. "Wifi, nesi kasemaje?"

"Kasema nipumzike."

"Ndiyo unapumzika na sufuria la maharage? Uso umeumuka kama andazi, halafu unanidanganya mimi!"

Nikalia, nikamweleza yote. Hakubishana nami. Alifuta mikono kwenye kanga akatoka, na nikamwona anaelekea nyumba ya baba yake.

Asubuhi yake pikapu ya baba mkwe, ile ya kubebea viazi, ilikuwa inaunguruma uani, uso umeelekezwa barabarani. Gari jingine halikuwepo. Sekela akanipandisha karibu na mlango, akakaa katikati, akainua kitenge kwa mikono miwili kukitenganisha kichwa changu na cha baba yake. Tukaondoka hivyo, watatu kwenye kiti kimoja, wawili tukiwa hatupo.

"Sekela, mwambie kuna shimo."

"Wifi, baba anasema kuna shimo."

"Nimeliona."

"Baba, ameliona."

"Mwambie ashike mlango."

"Jamani, na mimi mikono inauma!" Sekela akalalamika. "Si mngesemezana tu, Mungu akajifanya hajasikia?"

 Upande wa pili wa kitenge nilisikia pumzi ikitoka puani kwa kishindo, na mpaka leo naamini mzee alikuwa anacheka.

Hospitalini walinitoa damu, wakachukua mkojo, Sekela akatumwa maabara. Mimi nikaitwa kwenye chumba cha utrasaundi. Daktari alikuwa kijana wa kutoka pwani, mwenye sauti ya upole. Kulikuwa na kitanda chembamba, na kando yake mashine yenye kioo cheusi. Nilikitazama kile kioo, miguu ikagoma.

"Daktari, nitarudi wiki ijayo."

"Mama, presha hii haisubiri wiki ijayo."

"Nitarudi na mume wangu."

"Leo umekuja na nani?" Akachungulia koridoni, akamwona mzee amesimama mbali, kofia mkononi, ametazama dirishani. "Mzee! Njoo umshike mkono mgonjwa wako."

Nesi aliyekuwa naye, Mnyakyusa, akaziba mdomo. "Dokta, huyo ni mkwe wake. Hawawezi."

"Hawawezi nini?"

Kabla hajaelezwa nilisikia hatua, nikajifunika kanga haraka. Kwenye upindo wa kanga niliona viatu vya mzee vikiingia kinyumenyume, kisigino kwanza, na mkono wake ukipapasa ukuta, mpaka akafika kwenye kona na kusimama, uso umegusa rangi.

"Mwanangu," aliuambia ukuta.

Sikuwa nimewahi kusikia sauti yake ikinielekea mimi. Nilisimama kama niliyeitwa kanisani.

"Mwanangu, mama yake Ambakisye alivimba hivi hivi. Miguu kwanza, halafu uso. Akasema kichwa kinamuuma, anaona nyota mchana. Tukasema ni uzito wa mtoto. Mimi niliogopa kuuliza, nisije nikajibiwa. Nikazika wawili siku moja." Alikohoa kidogo. "Huyo mtoto yuko hivyo alivyo sasa hivi, ulale hapo usilale. Mashine haimfanyi kitu. Inatuambia tu, tujue pa kukimbilia. Na kama ni habari mbaya, hutaisikia peke yako. Mimi nipo. Siondoki."

Nikalala.

Daktari alinipaka kitu cha baridi tumboni, akaanza kutafuta. Akapitisha kile kifaa kulia, akarudi kushoto, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Nilikuwa nimefumba macho nikingoja kuambiwa pole.

Halafu chumba kikajaa mbio.

Sijui nikuelezeje. Ilikuwa sauti ya kitu kinachokimbia, haraka kuliko moyo wa mtu yeyote ninayemjua, kama watoto wengi peku wanaokimbilia mvua ya kwanza kwenye vumbi. Ilitoka ndani yangu na ilikuwa kubwa kuliko mimi. Nikafumbua macho. Pale kwenye kioo, katikati ya kitu kama ukungu, niliona uti wa mgongo umepangwa kama shanga, na mkono ukafunguka, ukajifunga. Kumbe muda wote niliokuwa nikilia jikoni, kulikuwa na mtu mle ndani na alikuwa na shughuli zake. Hakuwa akingoja ruhusa yangu ya kuwa hai. Nilijiona mdogo sana, mwanangu, na sijawahi kufurahi kuwa mdogo kama siku ile.

Kwenye kona, mzee alikuwa ameegemeza paji la uso ukutani, mabega yanatikisika. "Ndaga," alisema kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo." Asante, asante sana. Anamshukuru nani, hakuna aliyeuliza. 

Daktari alipozungumza, hakupamba maneno. Mtoto yu hai, alisema, ila ni mdogo, kwa sababu presha inazuia damu kumfikia vizuri. Nilazwe leo hii. Huenda akatolewa kabla ya miezi kutimia, na hawezi kuniahidi kitu. Nilishangaa. Nusu ya yale niliyoyaogopa yalikuwa yametamkwa, na mimi nilikuwa bado nimekaa, nauliza dawa zinamezwaje. Hofu haikuisha. Ilipata kazi ya kufanya.

Nililazwa. Ambakisye alifika na tope la majaruba ya mpunga bado kwenye suruali. Baba yake alikuja kila muda wa kuona wagonjwa, akasimama nje ya mlango wa wodi, akakohoa kile kikohozi chake, akaondoka. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, msichana, mdogo kiasi cha kuenea katikati ya matiti yangu, na hapo ndipo manesi walipomfunga, ngozi kwa ngozi, apate joto. Zipo siku tulidhani tunampoteza. Hatukumpoteza. Leo ni mama wa watu, na mdomo ameurithi kwa shangazi yake Sekela.

Mzee hakunisemesha tena mpaka anafariki. Alivunja mila mara moja tu, kwa ajili ya mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemwona uso, kisha akairudisha mahali pake bila kujitetea kwa yeyote.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kuogopa si kukosa imani, wala usiruhusu mtu akuambie hivyo. Lakini kipimo hakileti ugonjwa. Kilichopo kilikuwepo tayari, na mwanao anakuhitaji ujue. Nenda. Wakikutajia neno usilolielewa, waulize, na wakikueleza ukiwa bado hujaelewa, uliza tena bila aibu. Kichwa kikikuuma kwa namna usiyoijua, macho yakiona vimulimuli, uso na mikono vikivimba, damu ikitoka, au mtoto akitulia kuliko kawaida yake, usingoje mume arudi safari, usingoje kupambazuke. Na ni kweli, kipimo kinaweza kusema usichotaka kusikia. Nimekaa na wanawake walioambiwa hivyo, na haikuwa kosa lao hata chembe. Hakuna kati yao aliyetamani angekuwa hajui. Walichotamani ni mtu wa kuwa naye chumbani. Kwa hiyo usiende peke yako. Na wewe mwanaume unayesikia haya, usikae koridoni.

Mungu akushushie presha na akupe usingizi. Akukutanishe na daktari mwenye subira na mikono inayojua kazi. Na huyo mtoto, asiyejua bado kama duniani kuna hofu, afike salama, alie kwa nguvu mpaka wenye wodi wamwombe anyamaze, naye asinyamaze.