Refa wa Rika la Baba

Hakuna aliyetutarajia nusu fainali. Chuo chetu hapa Karatu kinafundisha utalii na hoteli, na wengi wetu tulijiunga na mpira wa kikapu kwa sababu aliyekwenda mazoezini jioni alisamehewa zamu ya kuosha vyombo. Uwanja wetu wa mazoezi ni saruji iliyopasuka. Mpira ukidunda kwenye ufa unapotelea pembeni, na vumbi jekundu linakuganda mpaka kwenye nyusi. Fulana tulipewa na kambi moja ya watalii, zote saizi ya Wazungu, kwa hiyo mimi yangu ilinifika magotini.

Wapinzani walitoka Arusha mjini. Walikuja na basi lao, viatu vya kufanana na mtu wa kuwakanda misuli. Walikuwa wazuri, nakubali, wala sikuwachukia kwa hilo. Kilichonikera ni waandaaji, ambao siku moja kabla walikuwa wakizungumzia fainali kana kwamba Arusha wamekwisha kuingia na sisi ni chakula cha kuwapashia misuli.

Nahodha wetu alikuwa Mmasai wa upande wa Loliondo, mrefu, mtaratibu, mwaka wa mwisho kama mimi. Alikuwa amepata kazi kwenye kambi ndani ya Ngorongoro na alitakiwa kuripoti Jumatatu. Huko hakuna kikapu wala wa kucheza naye. Fainali ilikuwa Jumapili. Alituambia anataka kucheza fainali moja maishani kabla ya kuacha mpira, akasema mara moja tu, na kwa mtu wa maneno machache kama yeye tulijua hilo ni jambo zito. Mimi ndiye niliyekuwa napandisha mipira, mfupi, Mwiraqw wa Mbulumbulu, na mdomo wangu haujawahi kwenda likizo.

Refa mkuu alikuwa mwalimu mstaafu, naye Mmasai. Mwenzake alikuwa kijana aliyemwachia kila uamuzi mzito. Kabla ya mchezo yule mzee aliwaita manahodha katikati ya uwanja. Wa Arusha alimpa mkono akarudi kwa wenzake. Wa kwetu aliinamisha kichwa kidogo, akabaki pale pale, na mzee akamshika mkono asiuachie. Wakaanza kuulizana habari kwa Kimasai. Sikijui Kimasai, lakini nilikuwa nimekaa na nahodha chumba kimoja na nilikwisha kuzoea mpangilio wa habari hizo: watu, watoto, ng'ombe, mvua, majani, nani anaumwa, nani amehama. Habari za namna hiyo hazikatwi katikati, hata kama uwanja mzima unangoja.

Benchi la Arusha likalipuka. "Oya, hao ndugu!" "Tumeshapigwa, refa ni wao!" Kocha wao akaenda mezani kulalamika kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Watu wa Karatu, ambao wengi walikuwa wamepitia tu wakitoka mnadani na hawakujua sheria hata moja, wakashangilia. Waliona tumepata refa wa nyumbani.

Nahodha aliporudi nilimuuliza kama anamjua yule mzee.

"Simjui. Ni wa rika la baba."

Kwao wanaume waliotahiriwa kipindi kimoja wanakuwa rika moja mpaka kufa, na wa rika la baba yako wote ni baba zako. Baba habishiwi. Nilicheka, nikamwambia basi leo tunachezeshwa na mzazi. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye kikapu anayeruhusiwa kuzungumza na refa ni nahodha peke yake, na kicheko kikanikauka.

Mzee alikuwa amesikia kelele za lile benchi. Tangu mpira wa kwanza uliporushwa juu alichezesha kama mtu anayejisafisha. Tukigusa, faulo. Wakitusukuma, mchezo unaendelea. Na jina kubwa nalo lina kazi yake: nyota wao akianguka filimbi ililia kabla hajatua, mimi nikianguka naambiwa niamke.

Hata hivyo hatukuachwa mbali. Alasiri upepo wa Karatu hushuka na kupiga uwanja ule kwa ubavu. Sisi tulizoea kulenga pembeni kidogo ya kikapu, wao walirusha mitupo mizuri ya mjini ikapeperuka. Robo ya mwisho tulikuwa tunakimbizana pointi kwa pointi.

"Refa, anamshika fulana!" nilipiga kelele.

"Wewe si nahodha. Rudi kwenye nafasi yako."

Nikamkimbilia nahodha. "Kapteni, kaongee naye."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie tunaonewa!"

"Anaona," akasema, akarudi kulinda.

Nilitamani kumpiga teke. Kwetu mtu akionewa anasema, na asiposikika anasema tena.

Zilibaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi moja. Niliwapita wawili nikampa nahodha mpira chini ya kikapu. Akaruka. Mtu wao mkubwa akamchapa kwenye mkono, kofi lililosikika mpaka kwa akina mama waliokuwa wakiuza mahindi ya kuchoma. Mzee alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuweza kumshika bega. Filimbi ilikuwa mdomoni, mashavu yamejaa. Hakupuliza. Mpira ukagonga chuma ukatoka, na muda ukaisha.

Nilitukana kwa Kiiraqw, lugha ambayo nilijua refa haielewi. Arusha walikumbatiana. Watu wa mnadani wakatupigia makofi ya kutupa pole, na makofi hayo yaliniuma kuliko kushindwa kwenyewe. Nahodha alikaa kwenye saruji akiutazama mkono wake unavyovimba.

Mzee akaja. Hakututazama sisi wengine. Alimsimamisha, akamwambia maneno machache ya Kimasai, akamgusa ule mkono uliovimba, akaondoka na begi lake. Nahodha alibaki amesimama wima, uso umetulia kama mtu aliyezawadiwa ndama.

"Amesema nini?"

"Amesema ningekuwa mtoto wa mtu mwingine, angepiga filimbi."

Sikuwahi kukasirika vile, na hasira hiyo bado ninayo. Fainali yake moja ilikuwa imekwisha pale, kwa sababu mtu mzima aliogopa kuonekana anampenda.

"Na wewe umemjibu nini?"

"Nimemshukuru," akasema.