Gauni la Saizi Kumi na Nne

Karani wa masjala aliamini maandishi kuliko alivyoamini watu, na mimi simlaumu, maana kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amefanya kazi na vyote viwili. Watu walikuja dirishani kwake wakiapa kwamba barua yao waliileta wenyewe, kwa mikono yao, siku ya Jumanne; yeye akafungua rejesta, akaona haikuletwa, na mambo yakaishia hapo. Nyumbani alikuwa vilevile. Dawa ya kikohozi hakuimeza mpaka asome kikaratasi chake chote, pamoja na sehemu inayowaonya wanaoendesha mitambo mizito, ingawa mtambo mzito pekee aliowahi kuuendesha ni kabati la mafaili. Pasi mpya ilipoletwa, ilikaa siku mbili ndani ya boksi akisoma kijitabu, na mume wake akaenda kazini na shati lenye makunyanzi.

Mtu wa namna hiyo hafai kuwa wifi wa fundi cherehani, lakini ndivyo ilivyokuwa. Dada mkubwa wa mume wake alikuwa na chumba cha kushonea pembeni mwa barabara, na katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kuchora mstari hata mmoja. Yeye alikutazama tu. Alikutazama juu mpaka chini, akafumba jicho moja, akashika mkasi, na wewe ukabaki kumwomba Mungu. Wateja walimsifu kwa haraka zake. Ila kwa ndugu zake, aliowashonea bila kuwauliza na bila wao kuthubutu kukataa, alikuwa na gauni la aina moja: pana juu, pana katikati, pana chini, na matundu matatu ya kupitisha kichwa na mikono. Karani alikuwa na tisa. Kazini walimwita Foronya. Walimwita kwa upendo, sikatai, lakini walimwita.

Kisa chenyewe kilianzia kwenye cherehani ya mama mkwe. Siku za mwisho za ugonjwa wake, marehemu alipokuwa anagawa vitu vyake, binti yake fundi alikaa mkao wa kupokea cherehani, na mama akampa mkwe. "Wewe unazo mbili," alimwambia binti. "Mwenzako hana hata sindano." Fundi alinyamaza, kwa kuwa hakuna anayebishana na mgonjwa, lakini lile jambo lilimkaa kooni. Miaka mitatu baadaye alikuja kusalimia siku ya Jumapili, akakuta cherehani imefunikwa kitambaa cha lasi na juu yake imekaa televisheni.

"Wifi," alisema, bado amesimama mlangoni. "Cherehani ya mama yangu ndiyo imekuwa meza?"

Karani alikinyoosha kile kitambaa cha lasi. "Nitashona," alisema.

"Utashona nini, na wewe kifungo kikikatika unaniletea mimi?"

"Nitashona gauni. Nitalivaa mwenyewe kwenye mahafali ya binti yetu."

"Na ukishindwa?"

Mume alikuwa amekaa katikati yao na gazeti. Alimkanyaga mkewe mguu chini ya meza, akachelewa.

"Nikishindwa, njoo uichukue."

"Shahidi ni kaka yangu," alisema Fundi, na ndipo akakubali kukaa na kuletewa chai.

Mahafali yalikuwa mbali, miezi minane. Karani hakukimbilia kwa fundi mwingine kujifunza, hilo lingekuwa kuwaamini watu. Alikwenda duka la vitambaa na kununua ramani ya blauzi, zile zinazouzwa ndani ya bahasha yenye picha ya mwanamke anayecheka bila sababu. Ndani mlikuwa na karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu, zimejaa mistari, mishale na namba, pamoja na maelezo ya hatua kwa hatua. Macho yalimng'aa. Kumbe kushona nako kuna faili!

Jioni ya kwanza alitandaza karatasi sebuleni, mume akaingia kutoka kazini akawasha feni kama kawaida yake, na mgongo wa blauzi ukaruka mpaka juu ya pazia. Tangu siku hiyo feni ilipigwa marufuku, na familia ikakaa na joto lake kimyakimya. Mkono wa kulia aliushona kushoto, akaufumua. Akaushona tena, safari hii ndani nje, akaufumua tena. Mume alikalia pini mara mbili, ya pili hakulalamika tena, aliitoa tu na kuirudisha kwenye kopo. Lakini wiki ya tano blauzi ilisimama. Alikuwa amechagua saizi iliyoandikwa "kubwa", kwa vile blauzi inatakiwa ipwaye, nayo ilipwaya mahali panapotakiwa na kutulia mahali panapotakiwa. Aliivaa kazini. Mkuu wa masjala akamwuliza ameinunua duka gani.

"Nimeshona," alisema Karani, kisha akaenda chooni akajitazama kwenye kioo dakika nzima. Alikuwa na furaha, basi, furaha ya mtu mzima aliyegundua kwamba mikono yake inaweza kitu kingine zaidi ya kupiga mihuri. Akashona blauzi ya pili, kisha sketi. Jina la Foronya likafifia midomoni mwa watu. Televisheni ilihamia juu ya stuli, ikawa inatazamwa kwa kuinamisha shingo, na sasa mtu angemwambia atoe ile cherehani, angelia machozi.

Ilipobaki miezi miwili alinunua ramani ya gauni lenyewe. Halikuwa la mchezo: kola ya kusimama, kiuno kilichobanwa, sketi ya mapande sita, na mgongoni zipu ya kujificha. Alinunua na kitambaa cha zambarau iliyokolea, kwa kipimo kile kile kilichoandikwa, bila kuzidisha hata upana wa kidole. Nyuma ya bahasha kulikuwa na jedwali la saizi. Alijipima kwa futi, akasoma jedwali, akakunja uso. Akamwita mume.

"Hebu nipime kifua."

Mume alimpima. "Sentimita mia moja na saba."

"Kaza."

"Nikikaza zaidi hutapumua."

"Kaza, nimekwambia."

"Mia moja na sita na nusu. Kwa hiyo?"

Jedwali lilisema mwanamke wa mia moja na saba ni saizi ishirini. Sasa Karani alikuwa saizi kumi na nne. Gauni la mwisho alilonunua dukani, mwezi mmoja kabla ya ndoa, lilikuwa na lebo shingoni inayosema kumi na nne, na lebo ni maandishi. Baada ya hapo alivaa magauni ya wifi yake, ambayo hayana saizi, yana upana tu. Alifikiri kwa utulivu. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa ameona makosa mengi ya uchapaji: watu waliozaliwa mwezi wa kumi na tatu, barua zilizosainiwa na waliokwisha kustaafu.

"Wamekosea chapa," alisema. Akachukua kalamu nyekundu, akakata ishirini, akaandika kumi na nne juu yake, na pembeni akaweka sahihi yake na tarehe, kama afanyavyo ofisini.

Akakata kitambaa kwa mstari wa saizi kumi na nne. Maelezo mengine yote aliyafuata kwa utiifu wa kutisha. Mshale uliposema uende sambamba na uzi wa kitambaa, alipima kila ncha kwa rula. Hatua ya kumi na tano ilimtaka apunguze kingo za mishono zibaki nusu sentimita, akapunguza. Binti yake, aliyekuwa nyumbani akisubiri hayo mahafali yake, alikuwa akipita na kulitazama gauni kwa wasiwasi.

"Mama, mbona hulijaribu kidogo? Naliona jembamba."

"Kujaribu ni hatua ya ishirini na saba."

"Sasa upo ya ngapi?"

"Kumi na nane."

"Jaribu tu, mama, nani atakuona?"

"Mwanangu, ukianza kuruka hatua, mwisho wake ni nini?"

Mwisho wake ungekuwa gauni linaloingia, lakini hakuna aliyemjibu hivyo.

Hatua ya ishirini na saba ilifika siku ya Alhamisi, mahafali yakiwa Jumamosi. Karani alipandisha gauni mpaka kiunoni kwa ujasiri, mpaka mabegani kwa taabu, kisha akampa mume mgongo. Mume alivuta zipu. Akaweka miwani chini, akavuta tena. Binti akaja kusaidia, mmoja akabana huku mwingine akivuta, na Karani akawa amemeza pumzi na kutoa macho. Pande mbili za zipu zilikataa kuonana. Kati yake ulibaki uwazi wa kiganja kizima.

"Fumua mishono, tuachie," alisema mume.

"Kuachia nini? Nilipunguza. Hatua ya kumi na tano."

Kitambaa hakikubaki hata cha kitambaa cha jasho. Karani aliketi kitandani na gauni limemshika mabega, akaomba aletewe bahasha. Alilitazama jedwali na ile sahihi yake nyekundu kwa muda mrefu, na machozi yakamtoka. Hakulia kwa sababu ya unene, unene aliuzoea, ila haukuwa umeandikwa popote. Alililia cherehani.

Ijumaa, jua likiwa bado kali, Fundi alifika na shuka kubwa la kufungia cherehani. Hakuwa na haja ya kuuliza, kaka yake alikuwa amemfungulia mlango akitazama chini.

"Lete nilione," alisema.

Karani alilileta. Fundi alilipindua ndani nje, ndiko mafundi wanakotafutia aibu za wenzao. Alifuata mishono kwa ukucha. Akavuta kola, ikarudi mahali pake. Akapandisha zipu na kuishusha, akaitafuta kwa nje asiione. Dharau aliyokuja nayo ilianza kukosa pa kukaa. Kisha akaiona bahasha, akasoma ile kalamu nyekundu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi! Umejipandisha cheo mwenyewe!"

"Ni kujishusha," alisema mume.

"Wewe nyamaza," walisema wote wawili.

Fundi alifuta machozi ya kicheko. "Ngoja niitazame hii zipu kwenye mwanga," alisema, akaingia na gauni chumbani na kufunga mlango. Dakika tano zikapita, zikapita kumi. Karani alipogonga na kufungua, alimkuta wifi yake mbele ya kioo amelivaa. Fundi alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, mtu wa kuinamia kazi na kusahau kula, na kile kiuno kilimshika utadhani alipimwa yeye. Gauni lake alilokuja nalo, lililoungwa kwa masalio ya vitambaa vya wateja, lilikuwa sakafuni.

"Nilitaka kujua kama zipu inapanda," alisema haraka.

"Imepanda."

"Shangazi, hebu zunguka," alisema binti kutoka mlangoni.

Fundi alizunguka, na yale mapande sita yakafunguka. Aliposimama, uso ulikuwa umebadilika.

"Nguo zangu zote alikuwa ananishonea mama, kwa cherehani hiyo hiyo," alisema. "Hata nilipokwisha kuwa fundi. Alisema fundi akijishonea mwenyewe hujipunja. Tangu amefariki hakuna aliyenishonea kitu, wifi. Nawashonea watu kutwa, halafu mimi najifunika yanayobaki."

Karani alilitazama lile gauni la masalio pale sakafuni. Miaka yote aliyahesabu magauni tisa kama adhabu, hakuwahi kujiuliza huyu naye anashonewa na nani. Aliona aibu, akaipeleka kwenye kazi: alipiga magoti akaanza kubandika pini kwenye pindo la chini.

"Kesho utalivaa," alisema. "Na ukija kuchukua cherehani, njoo Jumatatu. Usiifunge leo, pindo halijaisha."

Siku ya mahafali ukumbi ulijaa. Binti alipanda jukwaani, akashuka na cheti chake, familia ikapiga vigelegele mpaka mlinzi akageuka. Nje, watu wakipanga foleni ya kupigwa picha, mama wa mhitimu mwingine alimkazia macho Fundi. Alimzunguka nyuma, akarudi mbele.

"Dada yangu, samahani. Nipe namba ya fundi wako."

Mume wa Karani aliacha kutafuna karanga zake. Dada yake alikuwa na kadi za biashara thelathini kwenye mkoba, na hakuwahi kupishana na mteja bila kumpa moja. Fundi alifungua mkoba. Akaufunga.

"Nimeshonewa," alisema, na akalitamka polepole. "Na wifi yangu. Huyu hapa."

Yule mama aligeuka kumtazama Karani, aliyesimama pembeni ndani ya gauni pana juu, pana katikati, pana chini.

"Huyu?"

"Huyo."

"Na hilo alilovaa je, nani kamshonea?"

Binti aliuma midomo, mume akatazama mawinguni. Fundi alivuta pumzi kadiri kiuno kile kilivyomruhusu.

"Hilo," alisema, "nimeshona mimi."

Yule mama alichukua namba ya Karani, akashukuru, akaondoka akigeuka geuka nyuma. Foleni ikasogea hatua mbili. Karani alikuwa na jambo moja tu moyoni, na alikuwa akiogopa kuliuliza.

"Wifi, na ile cherehani? Jumatatu utakuja na gari au na mkokoteni?"

"Ibaki hapo hapo ilipo," alisema Fundi, akiinyoosha kola kwa ajili ya picha. "Nikiichukua, nani atanishonea? Na gauni lako lijalo tutalikata kwa hizo karatasi zako, sawa. Ila kupima, nitapima mimi."

"Pima," alisema Karani. "Lakini namba usiisome kwa sauti."